Mama Alute na Rimu ya Lori

Tulipohamishiwa kijiji kipya huku Mungaa, mwaka wa sabini na nne, kengele yetu ilikuwa moja: rimu ya lori, imetundikwa mtini. Ikilia Jumatatu, shamba la kijiji. Ikilia Jumapili, kanisani. Mzee Mathayo aliwahi kuingia ibadani na jembe begani, hakuna aliyecheka. Nyuso zetu zilikuwa zile zile za shambani. Mtoro wa shamba alisemwa na mwenyekiti, mtoro wa kanisa alisemwa na katekista Alphonce. Mungu tulimwona kama mwenyekiti mwingine tu, ila yeye hapigiwi kura.

Kanisani, Mama Alute hakuwa na wa kumsema. Alikuwa mke wa pili wa Mughwai, kwa hiyo hakubatizwa, na Alphonce hakumtaka ndani. Kila Jumapili alikaa nje chini ya dirisha, mgongo ukutani, akiimba. Jina la ubatizo alikwisha kujichagulia: Redempta. Alilitamka peke yake akichota maji, nasi sote tulishalisikia.

"Mwache Mughwai, ubatizwe," Alphonce alimwambia.

"Nimwache baba wa wanangu? Mungu si ataogopa, katekista? Atasema, huyu kesho ataniacha na mimi."

"Sasa hapo nje unafuata nini? Nani kakulazimisha?"

"Nampenda huyo Mungu. Wewe je, usingekuwa katekista ungekuja?"

Alphonce akakohoa, akafunga dirisha. Eti vumbi.

Wakati wa palizi lori la kijiji likavunja rimu, ikateremshwa ile ya mtini ifungwe badala yake. Jumapili ikafika kimya. Kijiji kizima tukalala usingizi mtakatifu.

Alphonce alikuta mabenchi matupu. Nje, mtu anaimba.

"Ingia, mama."

"Na Mughwai wangu moyoni?"

"Ingia naye."

Wakasali wawili. Mama Alute alipapasa benchi polepole, kama anayempapasa ng'ombe aliyepotea siku nyingi.

Jumapili iliyofuata rimu ilirudishwa, tukajaa tele, wenye haki. Yeye akarudi nje. Padre hakuwa ametoa ruhusa abatizwe, wala maji hayakuwa yamemgusa kichwa. Lakini Alphonce alikwenda dirishani, akalisukuma wazi, vumbi likaingia.

"Redempta," akaita, "tuanzishie."

 Sauti ikaja kutoka nje, ikakatika katikati kwa kilio. Tukaidakia, na kwa hilo hakuna aliyetugongea rimu.