Koili Niliyoizungusha kwenye Mkonge

Nilimaliza kidato cha nne na alama ambazo mama alizisoma mara moja tu, akaikunja karatasi. Sikulia. Ndoto yangu ilikuwa redio, na pale Voi, nyuma ya stesheni, kulikuwa na mzee aliyestaafu reli, mtu wa kutoka magharibi ya nchi, akitengeneza mitambo kwenye karakana ya mabati. Nilipomwendea kuomba kazi alikuwa ameinamia amplifaya ya kituo kidogo cha redio cha kule Wundanyi, ile mashine inayochukua mawimbi dhaifu na kuyapa nguvu ya kuvuka milima.

"Unajua kuchomea nyaya kwa risasi?"

"Najua."

"Unajua na uongo pia. Kaa hapo."

Shida, alinieleza, ilikuwa upande wa kuingilia. Nguvu ikifika pale, nusu inaingia, nusu inarudi ilikotoka, sawa na kumimina mafuta ya taa kwenye chupa bila faneli. Faneli yetu ingekuwa koili ya waya wa shaba, mizunguko michache, na kapasita ndogo unayoizungusha kwa bisibisi mpaka mshale wa mita ulale kwenye sifuri. Ukilala, hakuna kinachorudi.

Koili ilitaka kitu cha kuishikilia. Mimi nimekulia kwenye shamba la mkonge alikofanya kazi mama. Mlingoti wa mkonge ukikauka huwa mwepesi, unakatika kwa kisu kama mkate. Tuliutumia kujengea banda la kuku na kuchongea magari ya kuchezea. Basi nikachonga kipande kama kidole, nikakizungushia waya. Mshale ukalala.

"Aisee!" mzee akapiga paja. "Walioitengeneza hii mashine hawajawahi kuona mkonge."

Nilitembea wiki nzima kama nimeongezwa urefu.

Huko Wundanyi ndiko alikoishi nyanya yangu. Miguu ilikuwa imekataa kumfikisha kanisani, kwa hivyo Jumapili alivaa kitambaa chake cheupe cha kichwa, akaketi mbele ya redio kusikiliza ibada ya Kidawida, lugha yake. Kituo kilipozimika aliendelea kuvaa na kuketi, akisikiliza mchakacho mtupu.

"Nyanya, hakuna kitu hapo."

"Labda watarudi katikati ya wimbo."

Jumatano tulipandisha mashine kituoni. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito na sauti ikatoka hafifu. Mzee akaongeza nguvu ya kuingilia, akaongeza tena, sauti ikashika. Saa sita tukasikia pah, na harufu mbaya. Transista, kile kidude kinachokuza mawimbi, ilikuwa imekufa. Alhamisi tukaweka nyingine: hafifu asubuhi, tukaongeza, ikafa karibu na saa sita. Ilibaki moja tu, na msimamizi wa kituo alisema nyingine lazima ziagizwe ng'ambo, pengine mwaka ujao. Nilimfikiria nyanya na kitambaa chake mwaka mzima.

Ijumaa niliamkia kwake. Nikavuta mlango, ukakataa. Nikaweka mguu ukutani, nikavuta kwa mikono miwili.

"Wacha, utaning'olea nyumba! Ubao umekunywa ukungu. Jua likitoka utalegea wenyewe."

Nikabaki nimeshika komeo. Jua likitoka. Transista zote mbili zilikufa jua lilipotoka! Mkonge wangu ulikuwa unakunywa ukungu asubuhi, koili inapoteza kipimo, nguvu inarudi, na sisi tunaongeza. Halafu saa sita unakauka, faneli inakaa sawa, na ile ziada yote inaingia kwa pamoja. Nikaruka nje kwa dirisha, nikakimbilia kituoni. Nyanya aliniita jina ambalo siliandiki hapa.

Mzee alikuwa tayari ameshika swichi.

"Mzee, ngoja! Ni mkonge wangu ndio unaoziua transista."

Nilimweleza habari ya mlango. Akavua kofia, akaitazama ndani kama kuna kitu kimeandikwa humo.

"Transista mbili," akasema. "Mbili, mama wee." Kisha, "Na mimi niliyekusifu je? Lete shaba nene."

Tukazungusha waya mnene kwenye bolti, tukaichomoa bolti, koili ikasimama yenyewe na hewa tu katikati. Safari hii tulipima hukohuko kwenye ukungu, kwa nguvu ndogo, mpaka mshale ukalala. Halafu tukaketi kungoja jua. Sijawahi kuliogopa jua namna ile. Lilitoka, likapiga bati. Saa sita ikapita. Saa saba. Mshale ulikuwa palepale, umelala kama paka.

"Sasa pumua," mzee akasema. "Utaniachia maiti hapa."

Sasa yeye amerudi kwao magharibi, na nyanya tulimlaza nyuma ya migomba yake. Kile kipande cha mkonge ninacho kwenye meza yangu ya kazi, na nikikitazama naiona Jumapili ile. Nilishuka kutoka kituoni mchana, ibada imekwisha, nikampata ameketi na kitambaa chake.

"Umesikia, nyanya?"

"Nimesikia. Kwaya inaburura wimbo kama gunia. Tangu nitoke mimi, imeharibika."

Redio ilikuwa inatangaza mbuzi aliyepotea. Nikanyoosha mkono niizime, tuongee vizuri.

"Wewe! Usiguse," akasema, akasogeza kiti karibu nayo. "Sijajua kama amepatikana."