Rubani wa Ndege Namba Nne

Ami yangu Velcho Radoykov alizikwa mara mbili katika kijiji chetu cha Dolna Slivka. Maziko ya kwanza yalikuwa Januari 1944, kabla sijazaliwa. Ya pili yalikuwa vuli iliyopita, nami nilikuwepo, nimeshika mshumaa ambao upepo uliuzima kila nilipouwasha.

Serikali ilikuwa imebadilika, na jeshi likakumbuka kwamba liliwahi kuwa na shujaa. Kwa zaidi ya miaka arobaini hakuna ofisa aliyemtaja. Vita vilipokwisha walimvua cheo wakamfukuza, naye akatengeneza matrekta katika karakana ya ushirika mpaka mgongo ulipomshinda. Sasa walikuja maofisa wawili wenye glavu nyeupe, na mmoja wao akasoma karatasi kando ya jeneza. Alisoma kwamba marehemu aliangusha ndege tatu za adui. Akasoma kwamba Januari 1944, ndege yake namba nne ikiwaka moto juu ya Sofia, aliigonga kwa makusudi ndege ya mabomu, na kwa tendo hilo akatunukiwa Nishani ya Ushujaa.

"Siye yeye," alisema baba yangu, mdogo wake marehemu, akiwa ameegemea fimbo.

"Mzee, imeandikwa hapa."

"Basi iandikeni upya. Angekuwa ameigonga ndege ile, leo tungekuwa tunamzika nani?"

Watu wakacheka kidogo, wakajikaza tena. Ofisa alikunja karatasi yake kwa heshima, akairudisha mfukoni vilevile ilivyokuwa.

Ndege tatu ni kweli aliziangusha. Mbili Desemba 1943 na moja Juni 1944, alipokuwa amerudi angani na ngozi ya mikono yake bado inapasuka kila akikunja vidole. Lakini ile nyingine haikuwa yake. Nishani hakuivaa hata siku moja. Aliandikia makao makuu barua sita kuomba jina lirekebishwe, akajibiwa mara moja tu, kwamba habari imeshatangazwa redioni na saini zimeshawekwa. Naandika hapa ilivyokuwa, kama nilivyoisikia kwake na kwa bibi yangu Donka, mama yake.

Mwaka ule alikuwa luteni wa miaka ishirini na minne, akirusha ndege za kivita kutoka uwanja wa Bozhurishte. Hakuwa mtu wa maneno. Alikagua kila kitu mara mbili, kisha akamwuliza fundi mara ya tatu. Aliyeruka ubavuni mwake alikuwa Sajini Lyuben Tinev, kijana wa miaka ishirini na moja kutoka Kamenets, ng'ambo ya mlima, mtoto pekee wa mjane mfuma mazulia aliyeitwa Rusanka. Lyuben alicheka hata akiwa kwenye foleni ya chanjo. Wamarekani walikuja mchana kweupe kutoka Italia, ndege kubwa za injini nne, mamia, zikilindwa na za kivita. Wetu walipaa nane, siku nyingine sita. Ami aliniambia kwamba kule juu hofu huja baadaye, ukishatua, unaposhindwa kufungua vifungo vya koti lako mwenyewe.

Asubuhi ile ya Januari king'ora kilipolia, redio ya ndege namba nne, ndege ya ami, haikutoa sauti.

"Imekufa," fundi alisema.

"Imekufa, au umeiua wewe?" Lyuben alimtania kutoka kwenye namba saba, ambayo ilikuwa tayari inanguruma.

Ami alikuwa kiongozi wa kikosi. Kiongozi asiye na redio hawezi kuongoza. Alikimbia kwenye theluji hadi namba saba, akapanda bawa.

"Shuka. Nipe hii, wewe chukua yangu."

"Luteni, nimeipasha moto mwenyewe tangu alfajiri!"

"Shuka, Tinev. Ni amri."

Lyuben akafungua mikanda, akashuka. "Haya. Lakini ukiikwaruza, utaipaka rangi mwenyewe."

Ubao wenye majina ya marubani na namba za ndege haukubadilishwa. Hakuna aliyekuwa na nafasi hiyo.

Juu ya mji, ami aliziona ndege mbili za walinzi zikishuka nyuma ya Lyuben. Alipiga kelele redioni, "Tinev, kushoto! Kushoto! Kushoto!" Mara tatu, na mara ya tatu ndipo alipokumbuka. Namba nne ikashika moto. Ami hakuona mwavuli wowote ukifunguka. Ndege iliinua pua, ikageuka polepole, ami alisema, kama mtu anayetafuta kiti chake gizani, ikaingia katika tumbo la ndege ya mabomu. Zikaanguka pamoja. Ami alikuwa bado anatazama alipopigwa yeye naye.

Aliruka akiwa anaungua, akaangukia mlimani. Wakata mbao walimkuta siku ya pili, taya limevunjika, mguu wa kulia umevunjika, uso na mikono imeungua, miguu imeliwa na baridi. Nguo na karatasi zake zilikuwa majivu. Walimshusha kwa kigari cha theluji hadi hospitali ndogo ya mji wa chini, na huko akafungwa bandeji mpaka yakabaki macho na tundu la kupitishia kijiko.

Kwetu, mtu anayekataa huinua kidevu juu. Anayekubali hutikisa kichwa huku na huku. Ami alikuwa amefungwa pedi ngumu chini ya taya, shingo imekazwa. Kidevu kisingeweza kupanda hata upana wa ukucha. Kilichobaki ni kukibiringisha kichwa kwenye mto, kulia na kushoto. Ofisa aliyetumwa kutoka uwanjani aliinama juu yake.

"Rubani wa namba nne tumemwokota, amefariki. Kwa hiyo wewe ni Sajini Tinev, sivyo?"

Ami alijaribu kukataa kwa nguvu zake zote. Kichwa kilikwenda kulia, kikaenda kushoto.

"Vizuri," ofisa alisema, akaandika.

Hivyo ndivyo bibi yangu Donka alivyoletewa jeneza lililopigwa misumari. Kijijini kwetu maiti huzikwa uso wazi, na mama humbusu mwanawe paji la uso kwa mara ya mwisho. Donka aliomba. Askari wanne waliosindikiza jeneza walimwambia, "Mama, tunakusihi, usitake kumwona." Karatasi yenye ukingo mweusi na picha ya Velcho ilibandikwa langoni.

Na hivyo ndivyo Bi Rusanka alivyovuka mlima hadi hospitali, akavuta kiti kando ya kitanda, asiondoke tena.

"Lyubcho," alisema siku ya kwanza, kwa jina la utotoni la Lyuben, "usijisumbue kusema. Nitasema mimi. Wewe ulipozaliwa ulilia miezi mitatu mfululizo, sasa ni zamu yangu kukupigia kelele."

Alimlisha mtindi uliozimuliwa kwa maji, kijiko kwa kijiko. Alimsimulia habari za Kamenets: mbuzi wa jirani aliyekula nusu ya zulia, kuhani aliyeteleza barafuni na chetezo mkononi. Ami aligumia, akapiga kitanda kwa mkono uliofungwa. Muuguzi alidhani ni maumivu, akamwongezea dawa. Bi Rusanka akimwuliza, "Unanisikia mwanangu?" na yeye akijaribu kukana, kichwa kilikubali. Mwishowe alijifunza kulala kimya bila kutikisika kabisa. Alijua kwamba siku taya litakapofunguliwa, neno lake la kwanza litamfufua yeye kwa mama yake na kumwua Lyuben kwa mama huyu. Aliihesabu siku hiyo. Kuna wakati aliiombea iharakishe, akimfikiria Donka na kitambaa cheusi. Kuna wakati, akifumba macho huku kijiko kinagusa mdomo, aliomba isifike.

Mwezi wa pili ulipofika katikati, Bi Rusanka alimwambia, "Leo ni arobaini ya Luteni wako. Nimesoma gazetini jinsi alivyoigonga ile ndege. Huwezi kwenda, nitakwenda mimi kwa niaba yako. Mtu hawezi kumwacha mkubwa wake aombewe bila mwakilishi."

Ami alinguruma mpaka mshono wa mdomoni ukachanika. Bi Rusanka alimfuta damu, akamwambia, "Najua, ulimpenda," akavaa koti akaenda.

Huko Dolna Slivka, Donka alikuwa amechemsha ngano ya marehemu, ameichanganya na sukari na jozi zilizopondwa, akiwagawia watu mkono kwa mkono makaburini. Bi Rusanka alipokea ngano yake, akajifanyia ishara ya msalaba, akala. Kisha wanawake wawili wale wakaketi jikoni.

"Wako anaendeleaje, dada?" Donka aliuliza.

"Anakula. Namshukuru Mungu."

"Mshukuru. Mimi hata sikuruhusiwa kufungua." Donka alikuwa akiipangusa meza iliyokwisha kuwa safi. "Sikutaka uso. Niliwaambia, nionyesheni mguu wa kushoto tu. Alipokuwa na miaka kumi na miwili alijikata kidole kidogo kwa shoka, kikatoka chote. Mtoto gani huyo, hakulia, alikuja na kidole mkononi akaniuliza kama kinashoneka. Ningeuona ule mguu, ningeamini."

Bi Rusanka alirudi hospitali kesho yake. Bandeji za miguu zilikuwa zinaondolewa siku hiyo, naye akamwomba muuguzi amwachie kazi ya kuosha. Alileta beseni la maji ya uvuguvugu. Alianza na vidole vya mguu wa kulia vilivyochomoza kwenye plasta. Halafu akafungua wa kushoto. Ami alimwona akiushika mguu ule kwa mikono miwili. Aliuosha kwa muda mrefu, mpaka maji yakapoa. Aliukausha, akaufunika blanketi, akamwaga maji nje, akarudi kwenye kiti chake.

Jioni alimlisha kama kawaida. Siku iliyofuata alimlisha pia, akamsimulia habari za mbuzi kana kwamba hajawahi kuzisimulia. Ila hakumwita tena Lyubcho. Hakumwita jina lolote.

Siku ya tatu daktari alifungua taya. Alimwambia ami aseme taratibu, maneno machache, akaenda kwa wagonjwa wengine. Bi Rusanka alikuwa na bakuli mkononi.

"Mama," ami alisema. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, si ya mtu yeyote.

"Ngoja. Maliza kwanza."

Alimlisha mtindi wote, akapangusa kingo za bakuli kwa kijiko, akampa kijiko hicho cha mwisho. Aliweka bakuli dirishani.

"Haya. Sema."

"Mama, mimi si Lyuben."

"Hilo nalijua. Nimekuosha mguu. Niambie nisiyoyajua."

Basi akamwambia. Aliyeigonga ndege ile, baada ya walinzi wawili kumjia kwa nyuma na kumchoma moto, ni Lyuben. Sifa zote za gazetini ni za Lyuben. Jeneza la Dolna Slivka ni la Lyuben. Alisema polepole, akisimama kumeza mate. Ami aliniambia kwamba angeweza kukomea hapo. Mama alikuwa amekaa wima, uso umetulia, na hapo angebaki na mwana shujaa na hakuna zaidi. Mtu yeyote angemsamehe.

Kisha Bi Rusanka akauliza, "Uliwaona wale wawili wakimjia?"

"Niliwaona."

"Hukumwita?"

"Nilimwita mara tatu."

"Alikusikia?"

Aliniambia kwamba kuruka ndani ya moshi na risasi kulikuwa kwepesi kuliko swali lile. Neno moja tu la uongo, "alinisikia", na mama angeamini kwamba mwanawe alichagua kutokwepa.

"Hakunisikia. Redio ya ndege ile ilikuwa imekufa. Ilikuwa ndege yangu. Nilimshusha kutoka kwenye ndege yake iliyo nzima, nikaichukua mimi. Nilimwamuru."

Bi Rusanka alitazama mikono yake. "Alilalamika?"

"Alisema nikiikwaruza, nitaipaka rangi mwenyewe."

Sauti ilimtoka mama yule, nusu kicheko, ikakatika katikati. Alikaa akitikisa kichwa huku na huku, akikubali, akikubali. Ami alingoja laana, akaiona kuwa haki yake. Haikuja. Msamaha nao haukuja, siku ile wala miaka yote aliyokwenda Kamenets kumpasulia kuni, hata alipompelekea nishani akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka chini ya picha, akamwambia kuni bado hazijatosha.

Bi Rusanka alisimama, akakunja taulo. "Mama yako amevaa nyeusi bure," alisema. "Mtu akimpelekea barua hataamini. Nitakwenda mwenyewe."

Theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka na barabara ilikuwa tope. Alifika Dolna Slivka adhuhuri, amechafuka hadi magotini. Donka alikuwa uani akikung'uta zulia. Bi Rusanka alisimama langoni, kando ya karatasi yenye ukingo mweusi, na kabla ya salamu alisema, "Dada, mguu nimeuona. Kidole hakipo. Wako yuko hai."

Donka hakuelewa. Kisha akaelewa. Aliketi pale pale kwenye zulia, akajiziba mdomo kwa kitambaa chake, kwa nguvu, maana furaha ilikuwa inamtoka na akaona aibu, akijua yule mwanamke mbele yake amekuja kumletea nini na amebaki na nini.

"Furahi tu," Bi Rusanka alimwambia. "Mimi ningefurahi."

Halafu akamwuliza njia ya kwenda makaburini, kwa sababu alipokuja mara ya kwanza hakuitazama vizuri.