Nyirasafari na Jina la Marehemu Mama Yake

Tangu alipofiwa na mume, Nyirasafari aliuza samaki ufukweni Gisenyi, na sauti yake ya kuita wateja ilisikika hadi barabarani. Mwaka wa 1957 sauti hiyo ilikatika. Tuliobaki tunaojua sababu ni wachache, na vijana wa leo hudhani jambo likishaandikwa limekwisha.

Alikuja mzungu, mwalimu wa sheria kutoka chuo cha Ulaya, akitafiti makosa ya vita. Kwao walikuwa wamewahukumu wakubwa wa Wajerumani. Yeye akauliza, na wapagazi waliokufa hapa mwaka wa 1916, nani amewahi kuhukumiwa kwa ajili yao? Swali zuri. Mkalimani wake alikuwa Kadiri, fundi cherehani wa mtaa wa Waislamu. Kadiri akampeleka kwa Nyirasafari.

Wakati wa vita vile vya 1916 mama huyu alikuwa binti mdogo, akifuatana na wazazi wake waliobebeshwa unga wa jeshi. Alimwona nyapara wa wapagazi, Bizimana wa Kanama, akiwafunga wagonjwa kamba na kuwaacha kwenye baridi ya mlima ili msafara usichelewe. Mmoja wao alikuwa baba yake.

Vita vilipokwisha, wazee walikaa kwenye majani wakasikiliza shauri. Bizimana akakiri, akatoa ng'ombe, kisha yeye na mjane, mama yake Nyirasafari, wakanywa pombe ya ndizi kutoka mtungi mmoja. Waliokunywa hivyo hawalipizi kisasi, wala hawafufui maneno mbele ya wageni. Ndivyo tulivyoishi, na hakuna chuo kilichotufundisha.

"Nitaficha jina lako," mzungu alisema. "Chagua jingine."

Nyirasafari aliogopa kumtwika balaa mtu aliye hai. "Andika Mukandutiye," akasema. Ndilo lililokuwa jina la mama yake. "Marehemu hawezi kuumizwa na mutu."

"We mama iko na akili!" Kadiri akacheka.

Mwaka haukuisha, utafiti ukachapwa katika jarida la Kifaransa, na nakala ikafika bomani. Karani wa pale alikuwa Phocas, mwana wa Bizimana. Nyapara hakutajwa jina. Lakini Mukandutiye alitajwa, na Bizimana alikuwa amekunywa mtungi wa kufuta damu na Mukandutiye mmoja tu maishani mwake.

Kadiri alishuka ufukweni akihema. "Mama, Phocas amesoma. Amemusomea muzee."

"Muzee alisema nini?"

"Hakusema kitu. Ndiyo mubaya."

Tangu hapo Nyirasafari hakula kwa jirani, hakupokea hata maji ya kunywa. Mbwa akibweka, alishika kisu cha samaki.

Jumapili moja baada ya misa wakaja wote wawili, baba na mwana, na mtungi. Kwetu mwenye kuleta pombe huonja kwanza, wote waone haina sumu. Mzee akatia mrija mdomoni, lakini hakuvuta. Nyirasafari alimkazia macho kooni.

"Mukandutiye amefufuka?" mzee aliuliza.

"Ni mimi, muzee. Nilidhani nimemuficha kila mutu."

"Huyo mzungu atarudi na majaji? Watanipeleka Ulaya kuninyonga, na hivi sina hata jino?"

"Sijui, muzee."

Hatimaye mzee akavuta, akameza. Nyirasafari naye akavuta.

"Na wewe, mwanangu, kunywa," mzee akasema.

Phocas alikuwa amesimama mlangoni, jarida limekunjwa ndani ya koti. "Bon, papa, mi sinyonyi mrija wa watu wengi. Ni uchafu."

Mtungi humfunga aliyekunywa. Asiyekunywa yuko huru, na kinachomzuia ni baba yake tu, maadamu yu hai.

Kuanzia wiki ile, kila siku ya soko Nyirasafari alichagua samaki mnono kuliko wote, akamfunga kwenye jani la mgomba, akampeleka Kanama kwa mtu aliyemuua baba yake. Kila aliyeshuka kutoka huko, Nyirasafari alimvuta pembeni, akamuuliza kwa sauti ya chini: "Muzee anakula? Bado anakohoa?"