Mwandika Majina ya Wafungaji

Jirani yetu Mama Violet alinikuta naanika nepi, akaniambia Sirili amepagawa. "Ana dawa kwenye kompyuta! Shedrack kafunga mabao mawili uwanja mzima unaona, runinga inasema kafunga Tito. Mae! Hayo si mashetani?"

Nikaendelea kubana nepi. Mimi nilijua hapakuwa na dawa.

Sirili ni mpangaji mwenzetu hapa Kiboriloni, chumba cha kwanza ukiingia getini. Kwao ni Mwika. Anafanya kazi kwenye runinga moja ya mtandaoni inayoonyesha mechi za kombe la kata. Ukiona matokeo kule juu kwenye kona, dakika zinakimbia, na mtu akifunga jina lake linateleza kutokea chini, huyo ni Sirili. Majina huyaandaa siku moja kabla, kila mchezaji na kitufe chake. Mechi ikianza anabonyeza tu.

Mguu wake wa kulia haukunjiki. Zamani yeye ndiye alikuwa namba kumi wa timu ya kwao, Shedrack akikaa benchi. Siku moja mazoezini Sirili akaanguka, Shedrack akamkanyaga goti makusudi. Halafu akatangazia kijiji kizima: "Alianguka mwenyewe, mbege ilimzidi." Watu wakacheka. Na Sirili hanywi hata tone. Miaka minne sasa, akitajiwa Shedrack hutema mate pembeni, taratibu, kama aliyetafuna mbegu ya ndimu.

Siku moja kabla ya fainali alikuwa barazani na kompyuta yake, mimi namnyonyesha Grace. Nikachungulia. Timu ya kwao, namba saba, Tito. Namba kumi, jezi ya Shedrack siku hizi, Tito tena.

"Kaka Sirili, hapo umerudia."

"Sijarudia, Mama Grace."

Akatabasamu. Nikamwinamia mwanangu.

Fainali niliiangalia kwenye simu. Shedrack akafunga, chini likateleza jina la Tito. Hata mtangazaji, maana naye husoma skrini hiyohiyo, akapayuka, "Titooo!" Kumbe kocha mmoja wa Dar alikuwa anaangalia kutoka huko kwake, anatafuta mshambuliaji. Jumatatu akapiga simu: huyo Tito afike Alhamisi. Tito hakuuliza swali, akafunga begi.

Shedrack naye akampigia kocha. Akajibiwa, "Wewe ni wa nne leo kuniambia bao ni lako. Runinga ikirekebisha, nitaamini."

Jumatano asubuhi nafagia uani, Sirili akaniita dirishani. Nikatazama njiani. Shedrack alikuwa anakuja na mjomba wake, mkononi ameshika jani la isale lililofungwa fundo. Sisi Wachagga, ukiletewa isale umeombwa msamaha, na huna ruhusa ya kukataa. Ukikataa, balaa linakurudia wewe. Miaka yote minne hakulileta.

"Si umsamehe tu, kaka?" nikamnong'oneza. "Amekuja na mzee."

"Amefuata jina lake, hakufuata goti langu." Macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Nikilipokea lile jani, lazima nimrekebishie leo hii. Nakuomba, Mama Grace, mbebe mtoto ukasimame getini. Mzee mpe shikamoo yake, mpe na maji ya kunywa. Halafu waambie nimesafiri, narudi Ijumaa."