Pijo Iliyongoja Petroli

Mume wangu Karugendo alikuwa mbishi, na ubishi wake wote aliuweka kwenye gari. Nasema mimi Alistidia, mke wake wa ndoa, nimekaa naye miaka arobaini. Ukimpa chakula hakina chumvi, atakula na kushukuru. Ukimwambia gari lake, Pijo, limezeeka, siku hiyo hamtaongea.

Aliinunua kwa Mahendra, mwenye duka la vitambaa Bukoba, mwaka ambao Mahendra na familia yake walihama. Pikapu nyeupe, mbele kiti kimoja kirefu cha watu watatu. Alipoileta hapa Kimwani, binti yetu Celina alikuwa na miaka saba. Alipanda akakataa kushuka. Akala humo, akalala humo. Basi tangu siku hiyo gari likawa la wawili hao, mimi abiria tu.

Wakati wa vita vya mpakani alibeba wakimbizi kutoka Kyaka, vikongwe na mbuzi wao, wala hakumdai mtu. Lakini vita vilipokwisha, na petroli ikakwisha. Ikija, bei imepanda. Ukishaizoea hiyo, inapanda tena. Madereva wenye akili wakageuza. Huyu akachukua Landrova ya dizeli, yule akachukua Isuzu, mwingine akauza gari akanunua pikipiki, na wapo walioshuka hadi kwenye baiskeli wakawa wanasomba ndizi za watu. Lukmani, fundi wa Muleba, alimfuata Karugendo mara tatu.

"Bwana Karugendo, nipe Pijo nikupe Landrova yangu ya dizeli. Petroli siku hizi ni kinywaji cha wakubwa."

"Dizeli inanuka," akajibu Karugendo. "Na Landrova inamtikisa mtu mpaka maini. Mwanangu nimpandishe kwenye lile pipa?"

Hiyo ndiyo ilikuwa hoja yake siku zote. Celina alikuwa ameshakuwa mwalimu, anafundisha Kanazi, na kila likizo baba yake alikwenda kumchukua. Miezi mitatu gari linakaa chini ya turubai, lita kumi zimefichwa kwenye dumu chumbani kwetu, nalala nikinusa petroli, kisa likizo ya Celina! Nilipiga kelele mpaka nikachoka.

Mwaka wa themanini na sita Celina alirudi likizo amekonda. Ugonjwa ule wa kukondesha watu, usio na dawa, ulikuwa umeshapita kila kijiji. Tuliuita Juliana, kama kile kitambaa cha magendo, maana jina lake hatukulijua, na tulipokuja kulijua hatukulitaka. Karugendo alimimina dumu lote, tukampeleka hospitali Bukoba. Tulipofika, tangi lilikuwa kavu.

"Nimekuleta mimi," akamwambia bintiye, "nitakurudisha mimi. Na utakaa mbele."

Baada ya wiki mbili daktari aliniita pembeni. Akasema mpelekeni nyumbani.

Celina alifurahi. Jamani, alifurahi! "Mama, nataka nyumbani tu," akasema. "Nataka niamke nisikie migomba yetu." Hakuwa na hamu ya chakula wala ya wageni, hamu yake ilikuwa kibanja chetu cha migomba, alikozaliwa. Nami nilitaka afike akiwa na macho ya kukiona. Sikutaka kingine duniani.

Karugendo alikuwa kwenye foleni ya petroli. Gari limesukumwa hadi hapo, analala ndani yake. Siku ya kwanza akasema kesho. Siku ya pili, kesho. Siku ya tano nilimfuata nikamwambia, "Baba Celina, tutafute lori. Mtoto anataka nyumbani, hataki gari."

"Nimemwahidi."

"Ahadi yako ataila?"

Akanigeuzia mgongo, akafuta kioo.

Siku ya sita nilipata lori la kahawa. Lilikuwa limeshusha mzigo, linarudi Biharamulo na magunia matupu, na dereva alikubali kutupitisha Kimwani. Nilikimbia kwenye foleni. Pijo ipo, mwenyewe hayupo. Mwenye gari la mbele akaniambia Karugendo amesikia petroli imeshuka bandarini Kemondo, amekwenda na dumu. "Nimwambie nini, mama?" akaniuliza.

Nilikuwa na hasira. Nikasema, "Usimwambie kitu. Atajua mwenyewe."

Hayo nimeyasema mimi, kwa mdomo huu.

Tulimlaza Celina juu ya magunia. Lori likapanda vilima likitoa moshi mweusi, nami nimekipakata kichwa chake. Jioni tulifika. Asubuhi nilimtoa nje kwenye mkeka, jua likampiga miguuni, akatazama migomba, akalia kidogo, kisha akaomba uji. Akanywa nusu kikombe. Nilimshukuru Mungu.

Siku hiyohiyo Karugendo alipata petroli yake. Akaenda hospitali mbio, akakuta kitandani mwa Celina kuna mtu mwingine. Akamuuliza mgonjwa wa jirani.

"Celina? Amekwenda nyumbani," yule akamjibu. "Mama yake amemchukua jana na lori."

Sasa miaka ile, huku kwetu, neno hilo lilikuwa na maana moja. Mama anakuja, anamchukua wake, wanakwenda nyumbani kuzika. Karugendo hakuuliza mara ya pili. Alivuka barabara kwa maseremala, akanunua jeneza.

Sisi tulisikia vilio vinatoka barabarani. Majirani waliliona jeneza juu ya Pijo wakaanza kulia na kulifuata. Celina akaniuliza, "Mama, nani amekufa?" Kabla sijajibu gari likaingia kwenye kibanja. Karugendo akashuka, macho mekundu, akamwona mwanawe ameketi na kikombe mkononi. Akakaa chini kwenye majani makavu, mwanamume mzima.

Vilio vikakatika. Celina alilitazama lile jeneza.

"Tata," akamwita baba yake, "ulinikadiria urefu kwa macho?"

Hakuna aliyejua acheke au akimbie. Karugendo akatambaa mpaka kwenye mkeka, akamshika miguu. "Nisamehe, mwanangu. Nisamehe."

"Petroli imebaki?"

"Imebaki kidogo."

"Basi nitembeze."

Wanaume wakalishusha jeneza, wakaliingiza kwenye ghala la kahawa. Karugendo akambeba Celina, akamkalisha mbele, akamfunga kanga yangu. Celina akachungulia dirishani. "Mama, njoo, nafasi ipo."

Nilikuwa bado nina hasira na baba yake, kwa jeneza lile, kwa siku zile sita. Na nilijua pia ni ujumbe wangu niliouzuia ndio uliolileta jeneza kwangu. Nikasema, "Nendeni. Nina maharage motoni."

Wakaenda. Petroli iliwaishia kabla ya Kyamyorwa, wakarudi wamesukumwa na vijana wa njiani, na Celina alikuwa anacheka kama alivyokuwa zamani. Alifariki Jumapili. Mwezi uliofuata Karugendo alimpelekea Lukmani Pijo, akarudi na Landrova, bila ubishi hata kidogo.

Walizungumza nini mle ndani, sijui. Karugendo hakuniambia, na sasa naye hayupo. Ninachokitamani ni kile kiti tu, nikae hapo nusu saa, niwasikie. Mwanangu aliniita, mimi nikabaki na maharage.