Sweta Lililobaki Kwenye Sindano

Nyumbani kwetu Ndandalo, msimu wa mvua ulinukia kakao. Baba alizifunika mbegu kwa majani ya migomba nyuma ya jiko zichachuke, na harufu ile, tamu kidogo na kali kidogo kama pombe inayoanza kuiva, iliingia hadi kwenye mashuka. Pamoja na harufu hiyo kulikuwa na sauti: ti-ti-ti, sindano za mama za kufumia. Wageni walikuwa wakishangaa, Kyela na joto lake lote, sufu ya nini? Hawakujua kwamba kwetu mtoto mchanga hafunuliwi kichwa hata jua likiwa la kuanikia mpunga, na kwamba kijijini kwetu mtoto ambaye hajavalishwa kofia na sweta la mama yangu alionekana kama bado hajapokelewa vizuri. Mama alifuma akiongea, akipika, akinisikiliza nikisoma kitabu cha shule na kunirekebisha bila kuinua macho. Mimi nilipata usingizi kwa sauti ile, na ikikatika nilikuwa naamka kuuliza kuna nini.

Nilikuwa darasa la pili ilipokatika kabisa. Mdogo wangu Lugano, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kukaa bila kuegemezwa, alishikwa na homa katikati ya masika na hakupona. Mama alikuwa anamfumia sweta la njano la siku ya ubatizo. Mgongo ulikwisha, kifua kilikwisha, na mkono mmoja pia. Mkono wa pili ulikuwa bado kwenye sindano. Watu walipotawanyika baada ya msiba, alilitia sweta lile kwenye kapu pamoja na sindano zake, akaliweka kapu juu ya kabati, na hatukuruhusiwa kuligusa hata kwa kufuta vumbi. Aliendelea kupika, kupalilia na kwenda kanisani, ila ungemsemesha mara mbili ndipo aitike. Jina la Lugano halikutajwa tena nyumbani.

Kisha jirani yetu, ambaye migomba yake ilipakana na yetu, akajifungua mtoto wa kike, Atupele. Wanawake wote walikwenda kumwona isipokuwa mama. Kwetu, kutokwenda kumwona mtoto wa jirani ni jambo zito kuliko kugombana, maana aliyegombana nawe angalau mtasemezana. Watu walianza kunong'ona. Mama Atu mwenyewe hakulalamika, lakini akawa anaona haya kupita mbele ya mlango wetu akiwa na mtoto mgongoni, na kwenda kisimani alizungukia njia ya bondeni yenye matope ya kufika magotini. Nilikuwa namwona kutoka uani, khanga ameipandisha, anachagua pa kukanyaga. Nilimwonea huruma, lakini zaidi niliogopa. Niliogopa kwamba mama yangu wa zamani alizikwa siku ile ile na Lugano, na kwamba huyu tuliyebaki naye angekaa hivyo hivyo mpaka mwisho.

Shangazi Subi, dada yake baba, aliolewa ziwani kwa wafinyanzi wa vyungu, na hakuwa mtu wa kubembeleza. Jumamosi moja alitokea kwetu mapema, akatua chungu cha zawadi mlangoni na kusema hata kabla ya kukaa, "Wifi, vaa. Leo tunakwenda kutembea."

"Kutembea wapi, wifi, na mpunga umejaa magugu?"

"Kwenye mashine za zamani. Ile mashine ya kufumia mliyofundishiwa usichana wenu ipo kule, wameiweka watu waitazame. Na mtoto anakuja."

Wifi akikualika hivyo mbele ya mumeo huna pa kukimbilia. Mama alivaa gauni lake la kanisani, nami nikavaa viatu vya shule vilivyonibana, na tukapanda gari la mizigo lililokuwa linarudi ziwani na magunia matupu yanayonuka dagaa.

Makumbusho yenyewe yalikuwa karakana ya zamani ya kutengenezea boti, bati limeshika kutu, mlango mmoja tu mzima. Humo ndani wenyeji walikuwa wamekusanya kila chuma kilichowahi kufanya kazi pande zile: injini ya boti, kinu cha kukobolea mpunga, mizani ya kupimia pamba. Sipendi makumbusho mpaka leo, na nadhani chuki yangu ilianzia mle, kwa ile harufu ya mafuta mazito na ile hali ya vitu vilivyokaa kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Mwangalizi alikuwa fundi mstaafu, Mzee Ambakisye, aliyevaa koti kubwa la suti juu ya kaptula.

"Ugonile, mama," alimsalimu mama kwa adabu, kwa lugha ya kwetu.

"Ndaga, baba."

Baada ya hapo mzee hakunyamaza. Alituzungusha kwenye injini yake muda mrefu mno, akaigiza hata mlio wake kwa mdomo, na Shangazi akaanza kupiga miayo bila kuificha.

Mashine ya kufumia ilikuwa peke yake chini ya dirisha, na kibao kimeandikwa USIGUSE. Kwenye sindano zake ndogo zilizopangana kama meno ya kitana kilining'inia kipande cha sweta la kijani ambacho hakikumaliziwa. Mzee Ambakisye aliteremsha sauti kwa mara ya kwanza. Alisema mwalimu wa darasa la ufumaji aliitwa msibani kwao milimani, akaondoka akiwa katikati ya safu, na hakurudi. "Tumeiacha kama alivyoiacha," alisema. "Hakuna aliyeigusa."

Mama aliinama. Nami nilichungulia chini ya mkono wake, nikaona kile ambacho mzee labda alishazoea kukiona. Upande wa dirishani kijani kilikuwa kimepauka na kuwa rangi ya majivu. Wadudu walikuwa wamekula matundu. Mama alinyoosha kidole akashika pindo, na sufu ikamong'onyoka, ikabaki unga kwenye ncha ya kidole chake.

"Mama! Usiguse, utaharibu!" alimaka Mzee Ambakisye.

"Imeshaharibika, baba," alisema mama taratibu, "wala si kwa kuguswa."

Akatoka nje akakaa kwenye kizingiti, akitazama ziwa na milima ya Livingstone ng'ambo. Shangazi alitaka kumfuata, kisha akaghairi. Njia nzima ya kurudi mama alinishika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba.

Kesho yake tulipotoka kanisani aliteremsha kapu. Nilifurahi, nikijua sasa anamalizia ule mkono. Badala yake alichomoa sindano, akatafuta ncha ya uzi, akaanza kufumua. Nililia kwa sauti. Nilimshika mikono, nikamwambia anamuua Lugano tena, maneno ambayo mtoto wa kwetu hapaswi kumwambia mzazi. Hakunipiga wala hakunifokea. Machozi yalikuwa yanamtiririka naye.

"Uliyaona yale ya jana," alisema, "unataka na hili la Lugano liwe vile? Nyoosha mikono, Tusa."

Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kulisikia jina lake tena. Nikanyoosha mikono miwili, akawa anauzungusha uzi wa njano kwenye viganja vyangu, mzunguko baada ya mzunguko, umejikunja kunja kwa jinsi ulivyokaa kwenye vitanzi, na sweta likawa linapungua magotini pake mpaka likaisha. Alizifua zile nyuzi, akazitundika uani na kuzifungia jiwe zinyooke, na jua kali la alasiri likazikausha.

Usiku ule nilisikia ti-ti-ti. Alifuma kofia nyeupe ya mtoto, yenye mstari mmoja wa njano ukingoni. Shangazi Subi, aliyerudi nasi na kulala kwetu, alipoiona asubuhi alishtuka. "Wifi, uzi wa marehemu kwa mtoto mchanga? Watu watasema nini?" Mama alifunga khanga, akanichukua, tukavuka migomba kwenda kwa Mama Atu, na sijawahi kuona njia fupi ikiwa ndefu vile.

Mama Atu alisimama mlangoni, mtoto kifuani, hajui acheke au alie. Mama alimnyooshea kofia kwa mikono miwili.

"Nimechelewa kuja, nisamehe. Huu uzi wa njano ulikuwa wa Lugano. Ukiikataa sitakasirika."

Mama Atu aliitazama kofia, akamtazama mama. Akamvalisha mtoto pale pale mlangoni, akaifunga kamba chini ya kidevu, kisha akamweka mtoto mikononi mwa mama. "Ndaga fijo," alisema, akishukuru kwa lugha ya kwetu. "Ndaga fijo, mama."

Sasa mimi mwenyewe ni mama, na watoto wachanga wa Kyela wanavishwa manyoya laini ya mitumba ambayo hakuna ajuaye aliyeyashona. Ile karakana bado ipo. Nilipita mwaka jana. Mzee Ambakisye alishafariki, kibao cha USIGUSE kimebaki, na sindano za mashine ziko wazi, maana kipande cha kijani kilikwisha chenyewe kikaanguka. Nilipomsimulia mama hakushangaa. Vidole vyake vimekakamaa, hafumi tena, ila kapu lake analo chini ya kitanda, na ndani yake kidonge kidogo cha uzi wa njano kilichosalia.

Mwezi uliopita Atupele alikuja kumsalimu, amebeba mwanawe wa kwanza. Mtoto amevaa kofia ile ile. Imevaliwa na wadogo zake Atupele wote, imefuliwa mpaka mstari wa njano umekaribia weupe, na ukingoni imefumuka. Alitaka kujua kama inaweza kushonwa. Mama aliishika, akaipapasa kwa muda, kisha akaniambia nilete kapu. Uzi uliobaki ulikuwa umejisokota. Nikakaa chini mbele yake na kunyoosha mikono miwili bila kuambiwa.