Mjukuu Wangu Ana Kwao

Mkutano wa wazazi kuhusu chakula cha mchana ulifanyika katika darasa la pili, nasi watu wazima tumekunja magoti kwenye madawati ya watoto. Mwalimu mkuu alieleza kwamba kila nyumba itatoa mahindi na maharage baada ya mavuno, makande yapikwe palepale shuleni, mtoto ale cha moto. Baba mmoja nyuma yangu akauliza, mtoto akishiba kwa mwalimu, nyumbani atamsikiliza nani? Nikageuka nikamwambia mtoto mwenye njaa hamsikilizi hata huyo mwalimu. Mimi kwenye mikutano sina simile. Marehemu mume wangu alijaribu kunituliza miaka yote, hakufaulu.

Ndipo mama yangu mzazi akasimama. Tulikuwa tunaishi naye, mimi na binti yangu, nje kidogo ya Ikungi.

“Mjukuu wangu ana kwao,” alisema. “Chakula chake kinapikwa.” Akaketi.

Watu wakaguna, wengine wakacheka chinichini. Tulipotoka nilimsikia jirani akinong'ona kwamba bibi anabania mahindi yake, na kwa kweli hata mimi nilidhani hivyo. Mvua ilikuwa imekata mapema, na mama alikuwa mtu wa akiba.

Mimi niliunga mkono mpango wa shule. Kutwa nzima nilikuwa nauza vitunguu kando ya barabara ya Dodoma, na binti yangu kila mchana alikimbia nyumbani juani, kwenye mchanga wa moto, akala harakaharaka na kurudi masomo yameshaanza. Nilitaka mtoto wangu asome. Nilinyoosha mkono juu kuliko wote.

Nisichokifikiria ni kwamba chakula kile cha mchana cha nyumbani kilikuwa cha watu wawili. Kwetu mzee hali peke yake. Mama alisonga ugali wa uwele, mboga ya mlenda pembeni, akakaa chini na mjukuu wake wakala sahani moja. Ikikaribia kwisha, alibakiza tonge akalisukuma upande wa mtoto, na mtoto halikatai, maana ndiyo baraka yenyewe. Hata mimi alinilea hivyo.

Siku ya kwanza ya makande, binti yangu alirudi jioni amechangamka. “Shikamoo, Bibi,” alisema, akatua mkoba. Mama alikuwa bado amefunika ugali wa mchana.

“Marahaba. Njoo tule.”

“Nimeshiba, Bibi.”

Alisema kwa adabu tu, kama mtoto aliyeshiba. Mama akajibu, “Vizuri,” akafunika tena.

Baada ya hapo moto wa mchana haukuwashwa nyumbani kwetu. Jioni nilimkuta amekunywa chai kavu, basi. Nikawa namwachia jirani meza ya vitunguu niende nikale naye. Alimega kidogo, akanitazama, kisha siku moja akaniambia, “Wewe unakula ukiangalia barabara. Rudi kwenye vitunguu vyako.” Hakusema kwa hasira.

Alikonda mpaka kitenge kikawa kinamzunguka mara mbili. Hospitali hawakuona ugonjwa, wakasema ni uzee. Alifariki wakati wa upepo wa baridi, saa ya mchana, binti yangu akiwa shuleni anakula.

Najua umri ulikuwa umekwenda. Najua pia kwamba mtoto wangu sasa hasinzii darasani, na wakiitisha mkutano kesho nitanyoosha mkono uleule. Lakini inaniuma, na sina wa kumlaumu. Ningempata angenifaa sana.

Msibani shule ilituazima masufuria yake makubwa, yaleyale ya makande. Waombolezaji walipotawanyika na binti yangu akaanza tena kwenda shule, jioni moja nilisonga ugali wa uwele, nikapika na mlenda, nikamwita tukakaa chini. Alikula polepole, nadhani kwa kunionea huruma. Sahani ilipokaribia kwisha, mkono wangu wenyewe ulibakiza tonge ukalisukuma upande wake.

Akaliangalia, kisha akaniangalia mimi.

“Nimeshiba, Mama.”

Nikalichukua lile tonge, nikakaa nalo mkononi mpaka likapoa.